CHOO CHA NDOO

Mficha uchi hazai, kwa hivyo msione haya. Watalii wanaolala garini hubeba choo kidogo cha plastiki chenye matangi mawili: la juu la maji ya kusukumia, la chini la kupokea uchafu. Sisi hapa Muyeye twaweza kujitengenezea chetu.

Nyanya yangu miguu yamuuma, na choo chetu kiko nje. Alikuwa hanywi maji jioni ili asiamke usiku. Basi tulitoboa kiti kikuukuu cha plastiki, tukaweka ndoo ya lita 20 chini yake. Kila akimaliza humwagia jivu kavu, kisha hufunika. Jivu hunyonya unyevu, hivyo harufu hupungua na nzi hawaji.

Lakini jamani, jivu haliui viini vyote! Asubuhi twamwaga chooni, kamwe si karibu na kisima, kwani mchanga wetu hupitisha maji upesi. Kipindupindu kilichozuka nchini Oktoba 2022 huenea kwa maji na chakula kilichoingia kinyesi. Ndoo ioshwe, mikono inawiwe kwa sabuni.

Shime wenzangu, mwenye mzee au mgonjwa nyumbani asimwache alale na kiu.