Je, Wajua? Nyangwe Haina Ziwa, Ila Inapokea Maji ya Maziwa Matano

Je, wajua kwamba Nyangwe ya Maniema, Kongo, kando ya Mto Lualaba, ambayo haina ziwa hata moja, hupitiwa na maji ya maziwa matano? Fuata ramani kuanzia juu. Maji ya Bangweulu, kule Zambia, hushuka kwa Mto Luapula hadi Ziwa Mweru, hutoka Mweru kwa Luvua na kuingia Lualaba penye mji wa Ankoro. Lualaba wenyewe unatoka Katanga ukipitia maziwa na vinamasi vya Upemba. Upande wa mashariki, Ziwa Kivu hutoa maji yake kwa Ruzizi mpaka Tanganyika, na Tanganyika nayo hutoka kwa Lukuga, pale Kalemie, kuelekea magharibi hadi Lualaba kati ya Kabalo na Kongolo. Yakishakutana yote ndipo mto unapofika Kasongo na Nyangwe. Mtu wa Nyangwe basi ana haki kamili ya kuuliza habari za ziwa ambalo hajawahi kulitia machoni: nani analitunza, na kwa njia gani?

Je, wajua kwamba wazungu walisumbuka miaka kadhaa kutafuta mahali maji ya Tanganyika yanapotokea, na Nyangwe ikawa na sehemu yake katika jibu? David Livingstone alifika Nyangwe mwishoni mwa Machi 1871, akautazama Lualaba akidhani huenda ndio mwanzo wa Nile. Aliondoka baada ya mauaji ya sokoni ya tarehe 15 Julai, ambapo wanawake waliokuja kuuza na kununua walipigwa risasi na wengine wakazama mtoni. Novemba mwaka huohuo, yeye na Henry Stanley walikwenda kaskazini mwa Ziwa Tanganyika wakaukuta Ruzizi unaingia ziwani, wala hautoki. Mwezi Mei 1874 Verney Lovett Cameron aliuona mlango wa Lukuga. Agosti alikuwa Nyangwe, akapima mto na kimo cha ardhi, akaona kwamba Lualaba una maji mengi kupita Nile ya Gondokoro na uko chini zaidi yake. Mto hauwezi kupanda mlima. Kwa hiyo haukuwa Nile. Stanley ndiye aliyeufuata kutoka Nyangwe mwaka 1876 mpaka akatokea Boma, karibu na bahari ya Atlantiki, mwaka 1877.

Lukuga una kisa kingine. Stanley alipopita hapo mwaka 1876 aliukuta umezibwa na mafunjo na matope, maji hayatembei. Miaka michache baadaye ziwa lilijaa, likasukuma kizuizi kile na kukivunja, na Joseph Thomson alipofika mwishoni mwa 1879 aliona mto wenye nguvu. Baada ya hapo ziwa lilishuka kwa mita nyingi. Ndiyo maana huko Ujiji mnara wa kumbukumbu ya kukutana kwa Livingstone na Stanley leo umesimama mbali kidogo na maji. Na kinyume chake kimeonekana karibuni: kuanzia 2020 ziwa limepanda tena, likaingia kwenye nyumba za watu Kalemie, Uvira na Bujumbura.

Je, wajua kwamba maji mengi ya Tanganyika hayatoki kwa mto hata kidogo? Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi hupanda kuwa mvuke. Lukuga hupewa masalia tu. Kwa sababu hiyo uchafu na udongo unaoingia ziwani hukaa humo muda mrefu sana. Kina cha ziwa ni mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, lakini samaki wanaishi katika tabaka la juu peke yake, kwani chini hakuna hewa.

Sasa tuje kwa watu wanaoyatunza maji na mazingira. Mwaka 1991 wanafunzi 12 wa sekondari walikusanyika kwenye baraza ya nyumba ya mtafiti wa sokwe Jane Goodall, Dar es Salaam. Walikuwa na mambo yanayowauma: uvuvi wa baruti unaovunja matumbawe, ujangili, watoto wa mitaani. Yeye hakuwapa majibu. Aliwaambia waanzishe vikundi shuleni kwao na kila kikundi kifanye kazi ya aina tatu: kwa ajili ya watu, kwa ajili ya wanyama, kwa ajili ya mazingira. Hivyo ndivyo Roots & Shoots ilivyozaliwa, na leo ina vikundi katika nchi zaidi ya 60. Ni vizuri msomaji ajue kwamba chama hiki cha huduma kilianzia Afrika Mashariki ndipo kikaenda Ulaya na Marekani.

Goodall aliyajua vizuri maji ya Tanganyika, kwa kuwa tangu Julai 1960 alifanya kazi Gombe, ufukweni, kaskazini mwa Kigoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliruka kwa ndege ndogo juu ya Gombe akaona hifadhi imezungukwa na vilima vitupu. Mvua ikinyesha kwenye kilima kitupu, udongo wote huteremka ziwani, hufunika mawe, na samaki wadogo wanaotaga na kula kwenye mawe hayo hukosa makazi. Mwaka 1994 ukaanza mradi wa TACARE katika vijiji vya jirani. Vitalu vya miti vilikuwepo tangu mwanzo, lakini wanakijiji walipoulizwa wanataka nini, walitaja zahanati, maji safi na shule. Mradi ukasikiliza. Yakaja majiko yanayokula kuni kidogo, vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa, kahawa, na miche bora ya michikichi. Mtu wa Maniema, aliyekulia kwenye mawese, haelezwi thamani ya hiyo miche. Kwangu mimi, hapa ndipo penye funzo kubwa kuliko yote yaliyofanywa pwani ile: walilitunza ziwa kwa kuanzia jikoni na kilimani.

Je, wajua kwamba Rotary, chama kingine cha huduma chenye wanachama duniani kote, iliianza huduma yake ya kijamii kwa vyoo? Ilianzishwa Chicago tarehe 23 Februari 1905, na mwaka 1907 wanachama wake wakaanza kuushinikiza mji ujenge vyoo vya umma. Ilifika Nairobi mwaka 1930. Mazingira yaliingizwa rasmi katika maeneo yake ya kazi Julai 2021 tu, lakini choo kizuri karibu na ziwa kilikuwa hifadhi ya mazingira hata kabla ya hapo.

Na huko Kongo? Salongo ya Jumamosi, kufagia mtaa na kuzibua mifereji, bado ipo Goma na Bukavu, ingawa wakati wa Mobutu watu waliifanya kwa kulazimishwa. Bukavu ina sababu ya pekee ya kuishika. Plastiki zinazosombwa na mvua kutoka vilimani huelea Ziwa Kivu hadi bwawa la umeme la Ruzizi, zikaziba mitambo, na mji ukakosa taa. Kuna vijana na akina mama wanaookota chupa hizo na kusuka vikapu kwa plastiki.

Je, wajua kwamba chanja inaweza kuokoa samaki? Dagaa wa Tanganyika, ambao Wakongo huwaita ndakala, huvuliwa usiku usio na mwezi, kwa taa. Asubuhi wakitandazwa mchangani hukauka wakiwa na kokoto, mvua ikija wanaoza, kuku nao wanajichukulia. Burundi walijaribu kuwaanika juu ya chanja za waya, kimo cha kiuno: upepo unapita juu na chini, dagaa wanakauka haraka, wasafi, na mwanamke anayeuza hapotezi sehemu ya mzigo wake. Samaki asiyeoza ni samaki ambaye hakuna haja ya kumvua mwingine badala yake.

Nchi nne za Ziwa Tanganyika, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia saini huko Dar es Salaam mkataba wa kulitunza ziwa hilo, tarehe 12 Juni 2003, na mamlaka yao ina makao Bujumbura. Uamuzi wao unaogusa chungu cha kila mtu ni kufunga uvuvi miezi mitatu, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Kongo iliufuata mwaka 2023. Tanzania ikafunga upande wake mwaka 2024. Miezi hiyo ni migumu kwa wavuvi wa Kalemie na Kigoma, na wanastahili kusaidiwa kupata kazi nyingine ya kuwalisha mpaka ziwa lifunguliwe.