Usonji: Wazazi wahofia takwimu, hatari iko kwenye kuchelewa

Mtoto ana miaka miwili na nusu. Anatembea, anakula vizuri, na kutwa anapanga vifuniko vya chupa kwa mstari. Lakini akiitwa jina hageuki, na neno "mama" alilokuwa akilisema limepotea.

Bibi anasema watoto wa kiume huchelewa kusema. Jirani anasema ni kijicho, apelekwe kwa mganga. Baba anasema mtoto amedekezwa. Usiku mama anafungua simu, anasoma kwamba usonji unaongezeka duniani, na hofu inazidi.

Mzazi wa Kwedizinga ana haki ya kuuliza: je, ni ugonjwa mpya unaosambaa?

Kwa nini idadi inapanda

Nchini Marekani, mwaka 2000 mtoto mmoja kati ya 150 wa umri wa miaka minane alitambuliwa kuwa na usonji. Kwa takwimu za mwaka 2022, ni mmoja kati ya 31. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2021 duniani kote alikuwapo mtu mmoja mwenye usonji kati ya 127.

Usonji hauambukizi. Ni tofauti ya namna ubongo unavyokua, na mara nyingi chanzo kikubwa ni vinasaba. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo inatokana na kutambua zaidi. Daktari Leo Kanner alipoueleza mwaka 1943, aliandika kuhusu watoto 11 tu wenye dalili zilizo wazi. Leo anahesabiwa pia mtoto anayesema na kusoma, ila anashindwa kuchangamana na wenzake.

Vijijini shida kubwa ni kutotambuliwa. Mtoto huitwa bubu, mtukutu au mwenye mashetani, na wengine hufichwa chumbani wageni wakifika. Miaka inapita, anafika umri wa shule bila msaada wowote.

Chanjo haihusiki

Mtoto hupata chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi tisa, kisha miezi 18. Umri huo wa pili ndio wazazi wengi huanza kuona dalili, hivyo ni rahisi kuilaumu sindano. Andiko la mwaka 1998 la Uingereza lililozua hofu hiyo lilifutwa na jarida lililolichapisha mwaka 2010. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2019, uliofuatilia watoto zaidi ya 650,000, haukuona uhusiano wowote. Anayemkosesha mtoto chanjo anamwacha wazi kwa surua, ugonjwa unaoua.

Malaria kali nayo si ya kufanyia mzaha. Utafiti wa mwaka 2006 uliohusu watoto 20 nchini Tanzania uliwaeleza watatu waliokuwa wakikua vizuri, kisha dalili za usonji zikaanza baada ya malaria kali yenye homa na degedege. Ni watoto wachache, na haimaanishi usonji kwa kawaida unaletwa na malaria. Hata hivyo, mtoto mwenye degedege awahishwe hospitali, asianzie kwa mganga.

Dalili za kuangalia

Afikapo mwaka mmoja, mtoto hageuki akiitwa jina, wala hapungi mkono.

Afikapo mwaka na nusu, haonyeshi kitu kwa kidole ili nawe ukitazame.

Afikapo miaka miwili, haunganishi maneno mawili yake mwenyewe, kama "mama maji".

Katika umri wowote, anapoteza maneno au michezo aliyokuwa nayo.

Dalili moja pekee haitoshi kusema ni usonji, lakini yatosha kwenda kuuliza.

Pa kuanzia

Anza na kliniki ya mama na mtoto katika zahanati iliyo karibu. Sema wazi unachokiona, na omba masikio yapimwe kwanza, maana asiyesikia naye hageuki. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha usonji. Mtaalamu humtazama mtoto na kumhoji mzazi. Omba rufaa kwenda hospitali ya wilaya, kama Magunga iliyoko Korogwe, kisha Bombo mjini Tanga ikihitajika.

Kwa elimu, Lushoto iko shule ya Irente Rainbow ya KKKT, inayofundisha watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma kama wengine.

Kazi ya nyumbani

Hakuna dawa inayoondoa usonji. Anayeiuza anakula fedha za familia. Kinachosaidia ni mafunzo ya kila siku. Unapopukuchua mahindi, mkalishe jirani, mpe gunzi, litaje, subiri alipokee. Tumia maneno machache na ratiba isiyobadilika. Kizigua au Kisambaa cha nyumbani hakimdhuru. Zungumza naye lugha unayoimudu.

Baba ana sehemu yake. Mama akiachiwa lawama peke yake, huchoka na kuficha, na mtoto ndiye anayepoteza muda. Kliniki ijayo waende wote wawili, wakiwa na kadi ya mtoto mkononi.