Grisi ya Nta na Shahamu kwa Vyombo vya Shamba

Mkulima wa mpango wa makazi hupata vyombo vyake kwa taabu: plau, mkokoteni, msumeno, bomba la kunyunyizia dawa. Vingi katika vyombo hivi haviharibiwi na kazi, ila huharibiwa na ukavu. Mti ukisuguana na chuma bila mafuta, huliwa. Ngozi ya bomba ikikauka, haisukumi dawa. Mkokoteni ukivunjika njiani na mpunga, au bomba likikataa siku ya kuikinga kahawa na chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda mabichi, hasara yake yaweza kula faida ya msimu mzima.

Grisi nzuri kwa kazi nyingi za namna hii yaweza kutengenezwa nyumbani. Nta hupatikana kwa wafuga nyuki wa Mbeere na Tharaka, ambao tangu zamani hutundika mizinga ya magogo juu ya miti. Shahamu, yaani mafuta magumu ya ng'ombe au kondoo, hupatikana kwa mchinjaji. Shahamu peke yake huyeyuka upesi juani, nayo nta peke yake ni ngumu mno. Zikichanganywa, kila moja huondoa kasoro ya mwenziwe.

Mchanganyiko huu ni wa zamani sana. Watu waliosubu risasi za bunduki waliupaka juu yake, kwa sababu madini ya risasi ni laini, na yakipita makavu ndani ya mtutu huacha mabaki yanayoziba. Mwaka 1857 katika Bara Hindi askari walikataa risasi za bunduki ya Enfield kwa kuwa walisikia zimepakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe, na jambo hilo likawa moja katika sababu za uasi mkubwa. Kutengeneza risasi nyumbani bila kibali ni kosa katika sheria ya Kenya, na hapa hatusemi habari zake zaidi. Lakini fundisho lake lafaa shambani: chagua mafuta kwa kufikiri kazi yake, na pia watu watakaoshika chombo. Ikiwa vyombo ni vya ushirika, usitumie mafuta ya nguruwe.

Namna ya kutengeneza

1. Yeyusha shahamu kwa moto mdogo, uichuje kwa kitambaa. Isiwe na chumvi hata kidogo, maana chumvi huleta kutu.

2. Pima kwa uzito. Mahali pa baridi, kama Timau, tia nta sehemu moja na shahamu sehemu mbili. Mahali pa joto, kama Mwea na Tharaka, tia nusu kwa nusu.

3. Weka nta na shahamu katika kopo, na kopo hilo ulisimamishe ndani ya sufuria ya maji ya moto. Nta huyeyuka kwenye joto la digrii 65 hivi, kwa hiyo maji yatosha. Usiweke kopo juu ya moto wenyewe. Mafuta yakishika moto usimwagie maji. Funika kwa kifuniko na uondoe moto.

4. Tia tone moja juu ya sahani baridi, ulibonyeze kwa kidole. Likipasuka, ongeza shahamu. Likitiririka, ongeza nta. Likishika alama ya kidole, ni tayari.

Mahali pa kuitumia

Mkokoteni wenye bushi za mti: chagua mti mgumu uliokauka kabisa. Kabla ya kuifunga bushi, itumbukize katika shahamu ya moto mpaka mapovu yaishe, kisha iache ipoe humo humo. Mti hunywa mafuta na kuyatunza ndani. Baadaye paka grisi ya nta kwenye ekseli mara kwa mara.

Skurubu, misumeno na bawaba za milango: kipande kidogo cha grisi chatosha. Skurubu iliyopakwa nta huingia katika mti mgumu bila kukatika kichwa.

Hatamu na kamba za ngozi: tumia grisi laini yenye shahamu nyingi, kisha zitundike juu, kwa maana panya na mbwa huzipenda.

Bomba la dawa lenye washa ya ngozi: loweka washa katika mafuta ya mbarika usiku kucha kabla ya kuanza kazi. Wazee wa Embu na Meru walilainisha ngozi kwa mafuta hayo hayo. Bomba lenye washa ya mpira lisipakwe grisi ya gari, kwa kuwa mpira wa asili huvimba kwa mafuta ya petroli.

Mahali pa kutoitumia

Magurudumu yenye beringi za chuma, injini, na mashine zinazozunguka kwa kasi zahitaji grisi au oili ya dukani. Humo nta haifai. Katika mashine ya kumenya kahawa, paka beringi za mwisho tu na upanguse ziada yote. Kahawa hunasa harufu, na harufu ya mafuta hushusha bei.

Oili chafu ya magari isitumiwe ovyo. Ina masizi na chembe za chuma, na ikigusa ngozi ya mtu mara nyingi yaweza kuleta saratani. Nayo mafuta ya kupikia hukauka yakawa kama gundi.

Lililo kubwa kuliko yote ni usafi. Vumbi jekundu la Mbeere likichanganyika na grisi huwa kama msasa, hula ekseli kuliko ukavu wenyewe. Kwa hiyo pangusa grisi ya zamani yote kwanza, ndipo upake mpya, kidogo tu. Fanya hivyo kabla ya mvua za Machi na tena kabla ya zile za Oktoba, wakati vyombo bado vimepumzika. Mkulima asingoje gurudumu lilie.