Mguu Uliovimba na Riziki ya Tunduma

Tunduma ni mji wa kusimama. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam hujipanga barabarani kusubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na kandokando ya foleni hiyo watu hutafuta riziki kwa miguu yao: wapakuaji wa mizigo, mama lishe, wabadilisha fedha, machinga, na mawakala wa forodha wanaokimbiza makaratasi kutoka dirisha hili hadi lile. Kibarua wa hapa huajiriwa kwa kutazamwa. Mwenye mzigo hupitisha macho kwenye kundi la watu, akachagua. Mwenye mguu uliovimba huachwa kabla hajafungua kinywa.

Naamini anaachwa kwa kosa la hesabu. Tunautazama ukubwa wa mguu, ilhali kinachomnyang'anya mtu siku zake za kazi ni kitu kingine, nacho kinaweza kupunguzwa kwa maji na sabuni.

Tuanze na mwili wenyewe. Damu ina moyo wa kuisukuma, limfu haina. Kila siku lita kadhaa za majimaji hupenya kutoka kwenye mishipa midogo ya damu na kuingia katika nyama ya mwili. Sehemu ya majimaji hayo, ambayo ndiyo limfu, hurudishwa na mishipa ya limfu, iliyo myembamba na yenye vilango vinavyoruhusu njia moja tu. Mishipa hiyo hujiminya yenyewe, lakini husaidiwa sana na misuli inayoizunguka. Ukitembea, misuli ya shavu la mguu hukamua limfu kwenda juu. Ukisimama palepale kutwa nzima, au ukikaa kwenye usukani kutoka Dar es Salaam hadi mpakani, pampu hiyo hulala. Mwenye mishipa mizima huvimba kidogo jioni, akaamka sawa. Aliyeharibikiwa na mishipa huamka na uvimbe wake.

Uharibifu huo una njia zaidi ya moja. Inayojulikana zaidi nchini ni matende, yanayoletwa na minyoo myembamba kama uzi inayosambazwa na mbu. Minyoo hiyo hukaa ndani ya mishipa ya limfu kwa miaka 6 hadi 8 na kuzaa mamilioni ya vijidudu vinavyoingia kwenye damu. Makao yake makuu nchini ni ukanda wa pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara, si nyanda za baridi kama za Mbozi na Ileje. Lakini mji wa mpakani ni mji wa wageni. Mtu anaweza kuambukizwa utotoni huko Lindi, na mguu ukaja kuvimba ukubwani, akiwa tayari ana kibanda Tunduma. Njia nyingine ni matibabu ya saratani. Tezi za limfu za kwapani zikiondolewa au zikichomwa kwa mionzi, mkono wa upande huo unaweza kuvimba, hata baada ya miaka.

Dhidi ya matende taifa limefanya kazi ya kujivunia. Kampeni ya kumeza dawa za ivermectin na albendazole ilianzia kisiwani Mafia mwaka 2000, ikasambaa nchini, na miongoni mwa walioiongoza alikuwa Dkt. Mwele Malecela, mtafiti aliyefariki mwaka 2022 akiwa ameitumikia vita hiyo hadi ngazi ya Shirika la Afya Duniani. Dawa hizo hukata uambukizaji. Haziurudishi mguu uliokwisha kuvimba. Shirika hilo linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 15 duniani wanaishi na uvimbe huo wa matende, na swali lao la kila asubuhi ni kazi.

Waulize wenyewe kinachowalaza, nao watakutajia homa. Ngozi iliyovutika hupasuka, hasa katikati ya vidole palipo na fangasi. Bakteria hupita hapo. Mguu hugeuka mwekundu, ukawaka moto, mtu akatetemeka kitandani siku kadhaa. Mitaani husemwa kwamba amekanyaga dawa ya mtu. Miaka ya 1990 mjini Recife, Brazil, daktari Gerusa Dreyer alionyesha kwamba mashambulizi hayo ya homa huletwa na bakteria wanaoingia kupitia ngozi, na kwamba usafi wa kila siku huyapunguza. Kila shambulio huacha makovu kwenye mishipa, na mguu huongezeka. Kwa hiyo anayezuia homa anazuia pia uvimbe.

Ushahidi wa karibu nasi unatoka Ethiopia, ambako wakulima wa nyanda za juu huvimba miguu kwa kutembea peku kwenye udongo mwekundu wa volkano. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, watu 696 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifundishwa kuosha miguu, kuikausha, kuipaka mafuta, kufunga bendeji na kuvaa viatu. Baada ya mwaka mmoja, mashambulizi katika kundi hilo yalikuwa kama 19 kwa mtu, na katika kundi lililosubiri yalikuwa karibu 24. Kumi na tisa bado ni mengi, na hilo linatukumbusha jinsi ugonjwa huu ulivyo mzito. Lakini kwa kibarua anayelipwa kwa siku, homa tano zilizoepukwa ni ujira ulioingia nyumbani na ahadi aliyoitimiza kwa bosi wake.

Kwa mkono uliovimba baada ya saratani ya matiti, ushauri wa zamani ulikuwa mkali: usinyanyue kitu. Kwa mama wa Mbozi anayeishi kwa jembe na kuchuma kahawa, ushauri huo ni sawa na kumwambia asile. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wanawake 141 wenye uvimbe wa mkono. Walionyanyua vyuma, wakianza na uzito mdogo na kuongeza polepole chini ya uangalizi, hawakuvimba zaidi ya wenzao. Waliozidiwa na uvimbe walikuwa asilimia 14, dhidi ya 29 kwa wasiofanya mazoezi hayo. Hii si ruhusa ya kubeba debe la kahawa kesho. Funzo lake ni kwamba mkono unazoeshwa hatua kwa hatua, kwa kumsikiliza mwenye mkono.

Basi mwajiri afanye nini? Ampe mwenye mguu uliovimba kigoda, na ruhusa ya kubadili: akae, asimame, atembee kidogo, aunyooshe mguu juu ya kreti anapopumzika. Asimkataze kuvaa kiatu kipana kinachomfaa. Ampe kazi ya kuhesabu mizigo au ya dirishani pale kubeba kunapomshinda. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu, na inauelezea ulemavu kwa kutazama nafasi ambazo mtu amekosa, si umbo lake pekee. Kwa wengi wasio na mwajiri, halmashauri hutenga asilimia 2 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya watu wenye ulemavu. Mwenye mguu uliovimba aujue mlango huo, na ofisa maendeleo wa kata asimrudishe kwa kuwa hakuja na magongo.

Halafu kuna maji. Tunduma imelia kwa shida ya maji kwa miaka mingi, na mahali ndoo inaponunuliwa, mguu ndio wa kwanza kunyimwa. Beseni moja la maji safi, kipande cha sabuni na kitambaa kikavu kila jioni ndiyo tiba ninayoisemea hapa, nayo huishia pale bomba linapokauka. Ndiyo maana, kabla ya kumwuliza mtu huyu kama kazi ataiweza, tumwulize kwanza kama jana alipata maji ya kuosha mguu.