Mikataba ya Kodi: Kinga au Mwanya?

Kampuni inayosajiliwa katika nchi moja na kuchumia katika nyingine yaweza kutozwa kodi mara mbili kwa pato lile lile. Mkataba wa kodi baina ya mataifa hayo huamua ni nani atoze, na kwa kiwango gani.

Hata hivyo, kinga hii yaweza kugeuka mwanya. Sheria ya Kenya hukata asilimia 20 ya mirabaha inayolipwa wasio wakaazi. Mkataba uliotiwa sahihi na Morisi mwaka wa 2012 ulikusudia kuishusha hadi asilimia 10. Ilihofiwa kuwa wawekezaji wa nchi nyingine wangefungua huko ofisi za jina tu ili wanufaike.

Shirika la Tax Justice Network Africa lilikwenda mahakamani. Mnamo Machi 2019, Mahakama Kuu ilibatilisha tangazo la 2014 la kuutekeleza mkataba huo, kwa kuwa halikuwasilishwa Bungeni kama sheria inavyoagiza. Mwaka uo huo, serikali hizo zilitia sahihi mkataba mpya.

Suala la msingi lingali pale pale: kodi anayosamehewa mgeni huzibwa pengo lake na mwananchi. Ni haki, basi, wawakilishi wake waukague mkataba kabla haujamfunga.