Askofu au Mwangalizi? Asili ya Uongozi katika Kanisa la Awali

Neno askofu limezoeleka mno katika Kiswahili hivi kwamba ni nadra msemaji kujiuliza lilikotoka. Liliingia kupitia Kiarabu, usquf, ambacho nacho kilikuwa kimelitohoa neno la Kiyunani episkopos, yaani mwangalizi au msimamizi. Kabla ya Ukristo, Wayunani walilitumia kuwarejelea maafisa wa kawaida wa utawala. Hivyo basi, lilikuwa jina la kazi kabla ya kuwa cheo kitakatifu.

Agano Jipya lathibitisha jambo hili. Katika Matendo ya Mitume 20, Paulo anawaita wazee wa kanisa la Efeso waje Mileto, kisha anapozungumza nao anawaita episkopoi. Aidha, katika Waraka kwa Tito, maelezo kuhusu kuwekwa kwa wazee yanageuka papo hapo kuwa sifa za episkopos. Wafilipi 1:1 nao unawataja viongozi hao kwa wingi katika mji mmoja. Yaelekea mzee ilirejelea hadhi, ilhali mwangalizi ilirejelea wajibu wa watu wale wale.

Mgawanyiko ulijitokeza baadaye. Mwanzoni mwa karne ya 2, Ignasi wa Antiokia, akipelekwa Roma kuuawa, aliyaandikia makanisa akiyahimiza kumtii askofu mmoja, pamoja na baraza la wazee na mashemasi. Mafundisho yaliyokinzana yalihitaji sauti moja. Ibada na sadaka za kuwasaidia maskini zilihitaji mtu wa kuwajibika. Hata hivyo, mabadiliko hayo hayakutokea kila mahali kwa wakati mmoja. Mwishoni mwa karne ya 4, Yeronimo alikuwa angali akisisitiza kuwa hapo awali askofu na mzee walikuwa kitu kimoja, na kwamba mmoja aliwekwa juu ya wenzake ili kuzuia mafarakano.

Suala hili linawahusu wanafunzi wa tafsiri moja kwa moja. Biblia ya Union Version ya mwaka wa 1952 inatumia waangalizi katika Matendo 20:28 lakini maaskofu katika Wafilipi 1:1, ingawa neno la Kiyunani ni lile lile. Msomaji wa Kiswahili pekee atadhani kuwa hizo ni nyadhifa mbili. Askofu humjia akilini na fimbo, kofia na dayosisi, mambo ambayo Wafilipi hawakuyajua. Kwa upande mwingine, kutumia mwangalizi kila mahali kungekata uzi unaounganisha cheo cha leo na chimbuko lake.

Ifahamike kuwa yapo makanisa yenye maaskofu na yapo yanayoongozwa na wazee, na kila upande huyategemea maandiko haya haya. Kwa hiyo, mfasiri anapoteua neno moja badala ya jingine, tayari ameingia katika mjadala huo, apende asipende.