Gari la kuvuta mbele likikataa kona: springi zinahusika vipi?

Magari mengi madogo tunayopanda kila siku, kama Toyota Probox na Toyota IST, huvutwa na magurudumu ya mbele. Injini iko mbele, nguvu inakwenda mbele, na magurudumu ya nyuma yanafuata tu. Magari ya aina hiyo hutumika pia kwenye mashindano ya mbio. Huko mafundi wamejifunza jambo linalomhusu hata dereva anayebeba abiria na magunia ya mahindi kwenye barabara ya changarawe: ugumu wa springi za nyuma, ukilinganishwa na wa mbele, unachangia sana kuamua ni upande upi wa gari utakaoteleza kwanza kwenye kona.

Tuanze na tatizo lenyewe.

Kwa nini gari hukataa kona?

Katika gari la kuvuta mbele, matairi ya mbele yana kazi tatu. Yanavuta gari, yanaligeuza, na yanabeba sehemu kubwa ya kazi ya breki. Juu ya hayo, gari likiwa tupu, zaidi ya nusu ya uzito wake huwa mbele, mara nyingi karibu asilimia 60. Ukiingia kona kwa kasi, matairi hayo ndiyo yanayochoka kwanza. Unakata usukani, lakini pua ya gari inaendelea kwenda nje ya kona. Ndiyo maana madereva husema gari limekataa kona.

Hilo halina maana kwamba gari la kuvuta mbele ni dhaifu. Mini, gari dogo lililotoka Uingereza mwaka 1959, lilishinda mbio za Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967, nalo lilikuwa la kuvuta mbele. Siri iko kwenye kulipanga vizuri.

Uzito unahamia wapi?

Gari likikata kona kwenda kulia, uzito unahamia upande wa kushoto. Matairi ya kushoto yanakandamizwa, ya kulia yanakuwa mepesi. Kiasi cha uzito unaohama hutegemea kasi, ukali wa kona, upana wa gari na jinsi mzigo ulivyokaa juu. Springi ngumu haziwezi kuuzuia uzito huo kuhama. Zinachofanya ni kuugawa: kiasi gani kihamie kwenye matairi ya mbele na kiasi gani kwenye ya nyuma.

Fikiria watu wawili wanaozuia mlango unaosukumwa na upepo. Aliyekaza mikono zaidi ndiye anayebeba msukumo mkubwa. Bodi ya gari ikilala upande mmoja, inalala yote kwa pamoja, mbele na nyuma. Upande wenye springi ngumu zaidi ndio unaobeba sehemu kubwa ya uzito unaohama.

Sasa jambo la pili, ambalo ndilo kiini cha habari hii. Tairi likiongezewa uzito, linashika barabara zaidi, lakini si kwa kiwango kilekile. Tuchukue namba za mfano tu. Matairi mawili ya mbele yana kilo 300 kila moja, na kila moja linashika kwa nguvu ya 300. Jumla ni 600. Kwenye kona, moja linapata kilo 450 na jingine linabaki na 150. La kwanza linashika kwa 420, la pili kwa 160. Jumla ni 580. Uzito ni uleule, lakini mshiko umepungua. Kadiri uzito unavyohama kwa wingi kati ya matairi mawili ya upande mmoja wa mbele au wa nyuma, ndivyo upande huo unavyopoteza mshiko.

Fundi wa mbio anafanya nini?

Fundi anayetaka gari la kuvuta mbele likate kona vizuri hukaza upande wa nyuma. Anaweka springi ngumu zaidi nyuma, au stabilaiza nene zaidi, yaani fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Uzito mwingi zaidi unahamia kwenye matairi ya nyuma, na ya mbele yanabaki yamekanyaga barabara kwa usawa. Pua inaanza kutii usukani.

Kwa nini asikaze mbele? Kwa sababu gurudumu la mbele la upande wa ndani wa kona litakuwa jepesi na kuanza kuzunguka bure, na nguvu ya injini itapotelea hapo. Huenda umewahi kuona picha ya gari la mbio likikata kona huku gurudumu moja la nyuma likiwa hewani. Halijaharibika. Hiyo ndiyo alama ya gari lililokazwa nyuma. Gurudumu hilo likishaondoka chini, kuzidi kukaza nyuma hakusaidii tena.

Kazi hii hufanywa kidogokidogo. Stabilaiza ya milimita 22 ni ngumu kuliko ya milimita 20 kwa takriban asilimia 46, zikiwa za chuma na umbo lilelile. Milimita mbili tu! Kwa hiyo fundi mzuri hubadilisha kitu kimoja kwa wakati, huanza kwa kupima upepo wa matairi, hujaribu kwenye kona zilezile, na huandika matokeo daftarini. Mkia ukianza kuteleza dereva anapoachia mafuta, anarudi nyuma hatua moja.

Barabarani mambo ni mengine

Hapa ndipo penye hatari kwetu. Kampuni zinazotengeneza magari ya kawaida huyapanga kwa makusudi ili pua iteleze kabla ya mkia. Pua ikiteleza, dereva anapunguza mwendo na gari linarudi njiani. Mkia ukiteleza, gari linaweza kugeuka kabla dereva wa kawaida hajajua la kufanya.

Lakini wamiliki wengi wa magari ya kubebea mizigo huweka springi ngumu nyuma peke yake, au vipande vya kuinua gari, ili lisilale likijaa. Bila kujua, wamelipanga kama gari la mbio. Siku likiwa tupu, mvua imenyesha na barabara inateleza, dereva anaingia kona ya mteremko kwa kasi, anashtuka, anaachia mafuta ghafla. Uzito unakimbilia mbele, nyuma kunakuwa kwepesi, na mkia unatoka. Kwenye mashimo hali ni mbaya zaidi, kwa sababu springi ngumu kupita kiasi hulifanya tairi liruke badala ya kukanyaga.

Ufanye nini?

Kwanza, punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Ukiwa tayari umeingia, usiachie mafuta ghafla wala kukanyaga breki kwa nguvu.

Pili, ukibadilisha springi au shokapu, badilisha ya kushoto na kulia kwa pamoja, na umwombe fundi zinazolingana na gari lako. Kama shokapu zimekufa, springi ngumu si dawa yake.

Tatu, matairi mawili yaliyo mazuri zaidi yafunge nyuma. Wengi hufunga mapya mbele kwa sababu ndiko yanakokwisha haraka, lakini matairi yaliyokwisha nyuma ndiyo yanayotoa mkia kwenye maji.

Nne, pima upepo matairi yakiwa baridi na ufuate kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva.

Tano, mzigo mzito ukae chini, si juu ya paa, wala usizidi uwezo wa gari. Mzigo ulio juu huongeza uzito unaohama kwenye kona, na hakuna springi inayoweza kuufuta.

Kwa hiyo fundi akikushauri ukaze nyuma, muulize swali moja: gari likiwa tupu na barabara ikiwa na maji, litateleza upande gani kwanza? Kama hana jibu, usimruhusu afungue hata nati moja.